Mafundi wa Mti wa Mama Rukia

Mtaa wa Tena, Jumamosi alasiri

Nafula,

Mama yako ameandika orodha ya blanketi, sufuria na dawa ya kifua, ameibandika kwenye mlango wa friji, kwa hiyo mambo hayo sitayagusa. Umeenda kusukwa Donholm na umesema utarudi saa kumi na mbili. Nina muda wa saa nne hivi. Nimewahi kuandika habari kubwa kuliko hii kwa muda mfupi zaidi, lakini zilikuwa habari za watu wengine.

Kesho unapanda basi kwenda Eldoret kusomea kazi yangu ya uandishi wa habari. Juzi mezani ulimwambia shangazi yako kwamba umeichagua kwa sababu hujawahi kunisikia nikisema uongo. Shangazi akakwambia uniulize nani alikuwa akimaliza sukari ya nyanya yako na kusema ni siafu. Mlicheka nyote. Mimi niliinuka nikaenda jikoni kutafuta maji, na jagi la maji lilikuwa mezani.

Habari yenyewe ni ya popo, mti na Mama Rukia. Nusu yake unaijua. Nitaianza mwanzo hata hivyo, na sehemu ulizoziona kwa macho yako nitazisema pia, kwa sababu ulikuwa na miaka kumi na miwili na kuna mambo niliyokuziba macho usiyaone.

Ulikuwa mwaka wa korona, wakati wa mvua za masika. Shule zimefungwa, barabara imenyamaza, na ikifika jioni kafyu inatuingiza sote ndani kama kuku. Mama yako alikuwa akilala kwenye vyumba vya wauguzi kule hospitalini ili asikuletee ugonjwa, wewe mwenye kifua. Tulibaki wawili. Ulikuwa ukinawa mikono mpaka ngozi ya vidole ikapasuka. Mama yako akichelewa kupiga simu, ulikuwa unaniuliza kama amekufa, hivyo hivyo, bila kupunguza sauti.

Kila mara nilikujibu kwa kukusomea takwimu za siku hiyo. Waliopimwa, waliopona. Nilidhani mtoto hutulizwa na ukweli uliopangwa vizuri. Ulikuwa unanisikiliza hadi mwisho, kwa adabu, kisha unaenda kunawa tena. Hilo ni kosa langu la kwanza katika habari hii na ndilo dogo.

Kilichokutuliza si mimi. Jioni moja ulinijia pale ninapoandikia ukasema, "Baba, kuna fundi anagonga chuma huko nyuma na ni kafyu. Si atashikwa?"

Tukasikiliza. Ting. Kimya. Ting. Kama nyundo ndogo juu ya bati nene, kwa mpigo mmoja usiobadilika. Nikasema ni fundi wa jua kali anamalizia mlango wa mtu. Kesho yake tena, ting, na siku iliyofuata. Ulianza kumwonea huruma. Ulitaka tumwambie soja wa langoni amfiche polisi wakipita. Nakumbuka jambo hilo vizuri, kwa sababu ndiyo mara ya kwanza tangu mama yako aondoke uliponitajia mtu mwingine aliye hatarini.

Jioni ya nne, kabla giza halijaingia, tulipanda juu ya pipa la maji kwenye ukuta wa uani unaotutenga na jirani, mimi nikiwa na darubini yangu ya mikutano ya siasa. Upande wa pili ulikuwa mti wa parachichi wa Mama Rukia. Ni wewe uliyewaona. Ulidhani ni majani makavu, mpaka jani moja likageuza kichwa. Walikuwa wamening'inia chini ya matawi ya ndani, wamejifunga mabawa yao ya rangi ya chai, na nyuso zao zilikuwa kama za mbwa wadogo wenye macho makubwa kupita kiasi. Mmoja alikuwa na vishungi vya manyoya meupe mabegani, anavifungua na kuvifunga, na kila akivifungua, ting. Alikuwa anaita mke. Nilimpigia simu mtu anayejua wanyama akanieleza kuwa hao ni popo wa matunda, hawaumi mtu, hawali kuku, wanakula mapera tu.

Ulikataa kuwaita popo. Walikuwa mafundi. Yule wa vishungi alikuwa Fundi Mkuu. Palikuwa na jike mmoja aliyebeba mtoto kifuani, na ukamwita Mama Zamu, kwa kuwa alikuwa anatoka kazini akiwa na mtoto mgongoni, ulivyosema, ingawa mtoto alikuwa mbele. Saa ya mama yako kupiga simu ilipofika ulikuwa unafungua dirisha na kuielekeza simu nje. Sijui kama amewahi kukuambia. Aliniomba nisikose kufanya hivyo siku ambazo wewe umelala mapema, kwa sababu alikuwa anataka kuisikia ile ting kabla ya kuingia wodini.

Uliacha kunawa mikono ovyo ndani ya wiki mbili. Vidole vikapona.

Sasa Mama Rukia. Alikuwa mjane, duka lake la vitambaa limefungwa, wajukuu wawili ndani ya nyumba. Yeye ni mtu wa Mombasa aliyeolewa huku, na ndiye aliyekufundisha kusema shikamoo, neno ambalo watoto wa Tena hawana kazi nalo. Wewe ulikuwa unamwambia "niaje" na yeye anakuambia, "Niaje mwambie mbuzi." Mlikuwa mnazungumza kupitia ukutani, wewe juu ya pipa, yeye akianika nguo. Popo walikuwa wanayachafua mashuka yake. Siku moja alinyanyua shuka moja tulione, lina madoa ya zambarau, akasema, "Mafundi wenu wananipaka rangi bila kuitwa. Siku moja nitawatoa hawa, mti na wenyewe." Alikuwa anacheka. Akasema hivyo huku anatupitishia parachichi tatu ndani ya kofia ya marehemu mume wake. Shika hilo la kucheka.

Wakati huo gazetini tulikuwa tunaandika vifo tu. Mhariri wangu akaomba kitu kingine, chochote chenye uhai. Nikakuuliza kama naweza kuwaandika mafundi. Ulifikiri sana. Watoto wa langoni walikuwa wakiimba kwamba korona imetoka kwa popo, na ulikuwa umewasikia. Ukaniambia, "Andika. Lakini usiseme popo, sema mafundi. Wakisikia popo watakuja." Nikaahidi. Tulipeana viwiko, salamu ya siku zile.

Nilienda ukutani nikamhoji Mama Rukia. Akaniambia mume wake, aliyekuwa mtu wa reli, aliupanda mti huo mwezi waliohamia hapa kutoka mtaa wa Mbotela, na kwamba mafundi walikuwepo kabla Rukia hajaanza kutembea. Aliongea vizuri. Nikaandika kama ulivyotaka, mafundi kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kutaja mtaa.

Mhariri akanipigia simu. Akasema msomaji akikutana na neno fundi atafikiri ni mtu, na habari ya wanyama wasio na jina wala mahali haiwezi kwenda. Aliuliza mara moja tu. Hakunilazimisha, na sitaki umlaumu. Mimi niliyewahi kumkatalia waziri aliyetaka nifute aya nzima, nilibadilisha habari yangu kabla simu haijakatwa. Niliandika popo. Niliandika Tena, kona ya tangi la maji, safu ya mwisho, kwa Mama Rukia. Hata nikajisikia vizuri. Miaka yote nimesifiwa kwa kuwa mtu anayesema mahali hasa. Ni kweli pia kwamba mwezi ule wenzangu walikuwa wakiachishwa kazi na nilitaka jina langu lionekane lina faida. Nayasema hayo kwa sababu yalitokea. Hayapunguzi kitu.

Kichwa cha habari hakikuwa changu. Kilisema popo wanaishi na watu mtaani Tena.

Wewe hukuiona. Magazeti hayakuwa yakiingia nyumbani, tuliogopa karatasi. Lakini mtu alipiga picha ukurasa akautuma kwenye kundi la simu la wakazi, amekata jina langu, ameacha kichwa cha habari, tangi la maji na jina la Mama Rukia.

Walikuja asubuhi ya siku ya tatu. Wanaume saba au wanane wa upande wa pili wa mtaa, barakoa zikiwa chini ya kidevu, wana mapanga na msumeno. Waliwasha tairi chini ya mti kwanza. Mafundi walitoka kwenye moshi mchana mweupe, wakawa wanajigonga kwenye kuta. Uliona yule mwenye mtoto akianguka kwenye kamba ya nguo. Ulikuwa juu ya pipa na mimi nilikuwa chini nimekushika miguu, na nilichofanya ni kukushusha. Kisha nilitoka nje nikawaambia waache, kwa sauti ambayo ningeitumia kumwomba mtu anipishe kwenye foleni. Mmoja wao, aliyekuwa amelisoma gazeti lenyewe, alinitambua. Alinipa kiwiko.

"Mkuu, tumesoma," akasema. "Asante kwa kututangazia."

Nikarudi ndani.

Mama Rukia alikuwa amesimama kando ya kamba, amefunga buibui kiunoni, amekunja mikono. Baadaye nilijua walimwambia achague, wakate mti, au wajukuu wake wasionekane tena kwenye bomba la maji la mtaa. Alichagua. Lakini wewe kutoka dirishani uliona mwanamke anayetazama mti wake ukikatwa bila kuzuia, na ukanigeukia.

"Ni yeye amewaita?"

Nafula, nimewauliza watu maswali kwa miaka zaidi ya ishirini na sijawahi kuulizwa swali rahisi namna hiyo. Jibu lilikuwa na neno moja. Nilikujibu hivi:

"Ulimsikia mwenyewe akisema atawatoa, mti na wenyewe."

Hakuna neno la uongo katika sentensi hiyo. Nimeichunguza mara nyingi kama ninavyochunguza habari ya mtu mwingine. Aliyesema ni yeye, maneno ni yake, shahidi ni wewe. Nilichokiacha ni kicheko chake, na kwa kukiacha nilimfanya mkosaji mtu aliyekuwa ametoka kupoteza mti wa mumewe kwa sababu yangu. Sikupanga. Jibu lilitoka tayari limepangika, kwa sababu nilikuwa nimezoea. Hapo ndipo aibu yangu ilipo. Ningekuwa nimesema uongo wa kawaida, wa kubabaika, labda ungenishtukia.

Ramadhani ilikuwa imeanza. Jioni mbili baadaye mjukuu wake alileta sahani ya kaimati mlangoni kama kila mwaka. Unajua desturi yetu nao. Sahani tunaimaliza, tunaiosha, tunairudisha na kitu juu yake, ndizi mbili au sukari kidogo, nao wakifanya vivyo hivyo wakati wa Krismasi. Uliichukua sahani ile jinsi ilivyokuja, haijaguswa, ukapita nayo hadi mlangoni kwa Mama Rukia mwenyewe. Nilikufuata hadi kwenye lango letu. Ulimnyooshea. Hukusema shikamoo. Ulisema, "Hatuhitaji."

Aliipokea. Hakukuangalia wewe. Aliniangalia mimi, juu ya kichwa chako, kwa muda mrefu, kisha akaingia ndani.

Nilikuwa hatua kumi kutoka hapo. Nilikuwa na nafasi ya kusema, na ningeweza kusema ukiwa bado umesimama kati yetu. Badala yake nilikushika bega nikakurudisha nyumbani, na ulichukua mkono ule kuwa ni kukuunga mkono. Sijui kwa nini usingechukua hivyo.

Miaka sita imepita. Ukimwona upande huu wa barabara unavuka. Rukia alipoolewa ulikataa kwenda, na mama yako aliponiuliza mtoto ana nini nilisema ni mambo ya watoto. Ulipoandika insha shuleni juu ya jirani aliyewasaliti viumbe wasio na hatia, mwalimu akaisoma mbele ya darasa, uliniletea niisome. Nilikusahihishia alama mbili za mkato.

Utanikuta najitetea mahali fulani katika barua hii. Nimejaribu kuondoa. Kwa mfano, nilikuwa nimeandika hapa kwamba nilitaka usimpoteze mzazi uliyebaki naye nyumbani wakati yule mwingine yuko hatarini. Inasikika vizuri na huenda ina ukweli ndani yake. Lakini mama yako alirudi nyumbani kabla ya Krismasi mwaka ule ule, mzima, na bado sikusema.

Kuna jambo jingine. Nimewasikia mafundi tena. Nilikuwa kazini, jioni, katika mtaa ambao sitautaja hata kwako. Ting. Nilisimama pale hadi mwenye kioski akaniuliza kama nimepotea. Niliporudi nyumbani nilikukuta unasoma, nikataka kukuambia, nikaona kwamba siwezi kukuambia hilo bila kukuambia hili. Ndivyo inavyofanya kazi. Unaficha kitu kimoja na hakikai peke yake, kinachukua na vingine vizuri vilivyo karibu nacho.

Huko uendako watakufundisha kunukuu, na watakufundisha vizuri. Watakuambia maneno ya mtu yaandikwe kama alivyoyasema. Sidhani watakuambia kwamba unaweza kufuata sheria hiyo hadi nukta ya mwisho na bado ukamwua mtu jina. Sikuandikii ili uiogope kazi. Ni kazi nzuri na nitafurahi uifanye. Ila ukiwa unaenda kuisomea kwa sababu ya mtu fulani, una haki ya kujua mtu huyo alifanya nini nayo nyumbani kwake.

Jana asubuhi, ulipokuwa umeenda kuchukua viatu, nilienda kwa Mama Rukia. Nilibisha mlango.

"Baba Nafula," akasema. "Leo umepita mlangoni. Ukuta umeanguka?"

Alikuwa anakunja vitambaa vya dukani juu ya kochi. Hakuniambia nikae, na nilisema nikiwa nimesimama, yote, kuanzia simu ya mhariri hadi sentensi niliyokupa wewe dirishani. Ile sentensi alikuwa haijui. Aliacha kukunja niliposema hayo. Mengine yote alikuwa anayajua.

"Jina langu liko gazetini, nisilione?" akasema. "Nililisoma siku ile ile. Nikasema, huyu atakuja. Sikujua nangoja treni ya mizigo."

Nikamuuliza kwa nini hakukuambia wewe.

"Nimwambie mtoto babake ni mwongo, na mamake hayuko nyumbani? Mimi nina watoto, Baba Nafula." Akachukua kitambaa kingine, akakipima kwa mkono. "Siku ya sahani nilikaribia kusema. Nikakuona pale langoni. Nikajua unajua. Basi, nikasema, hili ni lake, aliseme mwenyewe."

Nilimwomba msamaha. Alimaliza kukunja kitambaa kile, akauliza, "Mtoto anajua?"

"Bado."

"Basi hujaja," akasema. "Rudi nyumbani. Siku utakayokuja nitakupa chai."

Leo asubuhi nilimwambia mama yako. Alizitoa nguo zako zote kwenye begi akaanza kuzipanga upya, na mpaka sasa hajaniuliza ninachoandika.

Mpango wangu wa kwanza ulikuwa kuiweka barua hii katikati ya vitabu vyako uipate ukiwa Eldoret. Niliupenda mpango huo. Ungeisoma mbali, ungekasirika mbali, na ungepunguza hasira kabla ya kufika likizo. Halafu nikaona kwamba Mama Rukia angebaki hapa, nyumba ya jirani, akikuona asubuhi unapakia begi na kuondoka bila kumtazama, kwa mara ya mwisho kabla ya miezi mingi, na yeye si kijana. Kwa hiyo nitakupa mkononi ukirudi. Nitakaa hapa hapa mezani wakati unaisoma. Sitatoka kwenda kutafuta maji.

Gazeti likikosea huchapisha sahihisho. Langu limechelewa na litachapishwa kwa msomaji mmoja: Mama Rukia hakuwaita watu waliokata mti. Niliwaita mimi, kwa kuandika mahali mti ulipokuwa na jina la wanyama waliokuwa ndani yake, baada ya kuahidi kutofanya hivyo. Nilipoulizwa na binti yangu aliyewaita ni nani, nilijua jibu, na nikatumia maneno ya Mama Rukia kumtupia lawama yangu.

Utakachofanya baada ya kusoma hapo, sikuongozi. Kama utaenda kwake leo au kesho kabla ya basi, au hutaki kwenda kokote, na kama utataka kunitazama au la. Sikuombi useme kwamba yamepita.

Ila utakuwa na maswali, nakujua. Niulize lolote, mbele ya mama yako au peke yetu, hata yale ambayo sikuyaweka humu. Nitakujibu kwa maneno yangu mwenyewe.

Baba yako